Jung na ndoto zilizokoma Mlima Elgon

Dakta Carl Gustav Jung, tabibu wa akili aliyezaliwa Uswisi mwaka 1875, aliachana na Sigmund Freud mwaka 1913. Freud alimlaza mgonjwa kitandani, yeye akiketi nyuma yake. Jung alitaka watazamane, na nafsi ya daktari ichunguzwe kwanza.

Mwaka 1925 alifika Mlima Elgon, Kenya. Kwa Kiswahili cha kuokoteza kamusini, aliwauliza wenyeji habari za ndoto zao. Laiboni mmoja mzee alijibu huku akilengwa na machozi: zamani ndoto ziliwafunulia vita, maradhi na mvua, tangu waje Wazungu zimekoma, kwani Waingereza wanajua yote. Aliyeuliza, ole, naye alikuwa Mzungu.

Jung alirejea Ulaya kwa njia ya Mto Nile. Alifariki mwaka 1961.