Robert Morrison na Ruhusa ya Kukaa Uchina

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Robert Morrison, aliyewatafsiria Wachina Biblia. Lakini twadhani ni wachache wajuao ni kwa njia gani alipata kukaa katika nchi ile, na jambo hilo ndilo tutakalo kulisimulia hapa.

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1782 katika Northumberland, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kalibu za viatu, naye kijana alifundishwa kazi ile ile. Chama cha Misioni cha London kikamchagua aende Uchina. Lakini Kampuni ya East India, iliyoshika biashara yote ya Waingereza na Wachina, haikukubali kumchukua mhubiri katika merikebu zake. Basi mwaka wa 1807 ilimbidi azunguke kwa njia ya Marekani, na kutoka New York akasafiri kwa merikebu iitwayo Trident, akafika Macau tarehe 4 Septemba.

Huko aliona ya kuwa kufika ni jambo moja, na kukaa ni jingine. Sheria ya Kaisari wa Uchina ilimruhusu mgeni kukaa Canton kwa ajili ya biashara tu, tena katika majira ya merikebu. Majira yakiisha, sharti aondoke. Wanawake wa kigeni walikatazwa kabisa. Mchina aliyemfundisha mgeni lugha alihatarisha maisha yake; yasimuliwa ya kuwa mwalimu mmoja wa Morrison alichukua sumu daima, ili akikamatwa asipate mateso. Macau nayo ilikuwa mikononi mwa Wareno, na mapadre wao hawakumtaka Mprotestanti. Kwa hiyo Morrison alikaa Canton katika nyumba ya wafanya biashara wa Marekani, akihesabiwa kama mtu wao, akajifunza lugha hata mwili wake ukadhoofika. Alikuwa karibu kuhamia Penang.

Ndipo tarehe 20 Februari 1809, huko Macau, alipomwoa Bibi Mary Morton. Na siku ile ile Kampuni, ile iliyokataa kumchukua, ikamwajiri kuwa mfasiri wake kwa mshahara wa paundi 500 kwa mwaka. Siku moja alipata mke na kibali cha kukaa.

Wako waliomlaumu, wakisema kwamba mtumishi wa Injili alikula mezani pa wafanya biashara, na kwamba Kampuni hiyo ilitengeneza huko Bengal kasumba iliyoletwa kuwaharibu Wachina. Lawama hiyo si bure, wala hatutaki kuificha. Lakini yafaa tumtazame pia mwenzake, William Milne, aliyefika Macau mwaka wa 1813 bila kazi ya namna hiyo. Kabla hajapumzika, Wareno walimwamuru atoke, na mwisho alikwenda kukaa Malaka. Sisi twaona kwamba bila kazi ile Morrison angalifukuzwa vivyo hivyo.

Tena alilipa sana. Kila mwaka, majira yalipoanza, alipanda Canton kufasiri barua na magomvi ya biashara, akamwacha mkewe Macau miezi mingi. Mwaka wa 1812 Kaisari alitoa amri kwamba atakayechapa vitabu vya Kikristo kwa Kichina auawe. Hata hivyo Agano Jipya lilichapwa. Mwaka wa 1814 akambatiza Cai Gao, Mkristo wake wa kwanza, baada ya miaka saba. Mwaka uliofuata wakuu wa Kampuni huko London waliagiza aachishwe kazi kwa sababu ya vitabu hivyo, lakini wenyeji wake wa Canton hawakuweza kufanya kazi bila ulimi wake, wakamshika. Biblia nzima ilichapwa Malaka mwaka wa 1823.

Bibi Mary alikufa kwa kipindupindu tarehe 10 Juni 1821. Morrison alitaka kumzika mlimani nje ya boma, alipolala mtoto wao wa kwanza, Wachina wakakataa. Na makaburi ya Wakatoliki yalikuwa yamefungwa kwa Waprotestanti. Basi Kampuni ilinunua kiwanja, naye akawa wa kwanza kuzikwa humo. Mumewe alikufa Canton tarehe 1 Agosti 1834. Mwili wake ulishushwa mtoni mpaka Macau, ukazikwa kando ya mkewe, na kaburi liko hata leo.