Loveridge, bingwa wa mijusi wa misitu ya Uluguru

ARTHUR Loveridge alizaliwa mwaka 1891 mjini Penarth, Wales, nchi isiyo na kinyonga hata mmoja. Hata hivyo, ni yeye aliyeufunulia ulimwengu siri nyingi za vinyonga na mijusi wa Afrika Mashariki.

Aliwasili Nairobi mwaka 1914 kuwa msimamizi wa makavazi. Punde si punde vita vikazuka, naye akajiunga na kikosi cha wapanda farasi. Baadaye alihudumu Tanganyika katika idara ya wanyamapori, na mwaka 1924 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Lakini moyo wake ulibakia huku. Alirejea mara kadhaa, akapanda milima ya Uluguru na Usambara, na mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour wakachapisha utafiti uliolinganisha wanyama watambaao wa milima hiyo miwili. Milima hiyo hupata mvua kutokana na unyevu wa Bahari ya Hindi, ilhali nyanda kavu huitenga misitu yake kama visiwa. Kwa hivyo, kuna mijusi walio katika mlima mmoja ambao huwapati katika mwingine. Msitu wao ukifyekwa, hawana pa kuhamia.

Mwaka 1952 Loveridge alimpa jina la kisayansi mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza, chini ya Uluguru. Dume lake ni la buluu inayong'aa. Mjusi huyu huishi juu ya mikadi, aina iliyopewa jina la Rabai, hapa kwetu Pwani. Hula wadudu, naye huliwa na wanyama wakubwa kumliko. Hivyo ndivyo kiumbe asiyejaza kiganja anavyoshikilia mnyororo wa chakula msituni.

Urembo huo ndio uliomponza. Wafugaji wa ng'ambo walimtamani, na wawindaji wakaikata mikadi ili kumfikia. Kumnasa mjusi ni hasara moja. Kuangusha nyumba yake ni hasara kubwa zaidi, kwani hata waliosalia hukosa makao.

Loveridge hakuyashuhudia hayo. Alistaafu mwaka 1957, akahamia kisiwa cha Saint Helena, akafariki huko mwaka 1980. Biashara ya kimataifa ya mjusi huyo kutoka porini ilipigwa marufuku mwaka 2017.