Maisha ya Henri Oreiller, Bingwa wa Theluji

Wengi wetu theluji tumeiona katika picha za kitabu cha Jiografia tu, au kwa mbali sana juu ya kilele cha Kilimanjaro. Hata hivyo nataka kuwasimulieni habari za Mfaransa mmoja aliyepata sifa yake juu ya theluji, kwani tangu nizisome nimekuwa nikibishana na wenzangu bwenini.

Henri Oreiller alizaliwa Paris mwaka 1925, akakulia Val d'Isère, kijiji cha milima ya Alpi karibu na mpaka wa Italia. Huko watoto hujifunza skii kama sisi tujifunzavyo mpira. Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni, na mtu huteleza nazo toka juu ya mlima hata bondeni. Ujanani mwake nchi yake ilitekwa na Wajerumani, naye akawa miongoni mwa waliowapinga.

Kwa ajili ya vita hivyo, Michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944 haikufanyika. Ilipofufuliwa St. Moritz, Uswisi, katika majira ya baridi ya 1948, mbio za mteremko zilipewa nishani yake zenyewe kwa mara ya kwanza. Oreiller alikuwa na umri wa miaka 22.

Katika mbio hizo kila mtu hushuka peke yake, na saa ndiyo mwamuzi. Oreiller alishuka kwa dakika 2 na sekunde 55. Wa pili, Franz Gabl wa Austria, alizidiwa kwa sekunde 4.1. Labda msomaji ataona hicho ni kitu kidogo. Lakini njia ile ilizidi kilomita 3, na nilipopiga hesabu niliona kuwa kwa mwendo ule sekunde hizo ni kama mita 70, yaani zaidi ya nusu ya kiwanja chetu cha mpira! Tangu hapo hapana mwanamume aliyeshinda mteremko wa Olimpiki kwa tofauti kubwa kama hiyo.

Rafiki yangu mmoja husema kwamba mtu huyo hakuwa hodari, ila hakujali maisha yake. Mimi humjibu kwamba asiyejali haponi njia ndefu kama ile. Tena, Oreiller alipata dhahabu ya pili kwa jumla ya mteremko na mbio za kupinda baina ya vijiti, na shaba katika mbio za vijiti peke yake. Huko nguvu za ujasiri hazitoshi. Ukikosa kijiti kimoja umetolewa.

Lakini yaliyofuata hunipunguzia maneno. Baadaye alifanya mashindano ya magari, na tarehe 7 Oktoba 1962, katika uwanja wa Montlhéry karibu na Paris, gari lake aina ya Ferrari lilipata ajali akafa. Alikuwa na miaka 36. Tukifika hapa mwenzangu hunitazama tu, hasemi neno.

Kijijini kwao, Val d'Isère, njia ya mashindano imepewa jina lake pamoja na la Jean-Claude Killy, kijana wa kijiji kile kile aliyepata dhahabu tatu mwaka 1968. Jina la Oreiller ndilo linalotangulia.