Mtakatifu Karoli Borromeo, kardinali aliyejihesabu kuwa hatari kwa wengine



Leo nawaletea Mtakatifu Karoli Borromeo. Wengi wetu tunamjua kwa jina tu, kwa sababu ni somo wa parokia na shule nyingi. Mimi nilimtafuta kwa sababu nyingine, na nitaisema ingawa hainipi sifa.

Mwaka 2021 nilirudi nyumbani likizo kutoka chuoni nikiwa na kikohozi. Mama akaniambia nikae barazani kwanza, nimsalimie bibi kwa mbali. Nikaona mama amepungukiwa imani. Nikamjibu kwamba anayepokea Ekaristi haogopi korona, nikapita ndani, nikamkumbatia bibi, na jioni tukala sahani moja. Wiki iliyofuata bibi alilazwa. Alipona, ila pumzi yake haikurudi kama zamani. Hakuna aliyepimwa, kwa hiyo siwezi kujua kama ni mimi niliyempelekea ugonjwa. Ninachojua ni jinsi nilivyompita mama pale mlangoni.

Basi, tuje kwa Karoli. Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1538 katika ngome ya Arona, kando ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Kwao walikuwa na mali na cheo. Mjomba wake alichaguliwa kuwa Papa Pius IV mwaka 1559, na muda si mrefu Karoli akawa kardinali akiwa na miaka 21 tu. Ndiyo, ni undugu uliompa kofia ile, tusifiche. Mwaka 1562 kaka yake Federico akafariki ghafla. Ndugu walitaka Karoli aache mambo ya Kanisa, aoe, aendeleze ukoo. Yeye akapewa upadre mwaka uliofuata. Alisaidia sana kuumaliza Mtaguso wa Trento, akawa Askofu Mkuu wa Milano, akaanza kusafisha jimbo kwa ukali kiasi kwamba mwaka 1569 mtawa mmoja alimpiga risasi akiwa anasali. Akanusurika.

Sasa, mwaka 1576 tauni ikaingia Milano. Gavana aliondoka mjini, na matajiri wengi wakafungasha virago. Karoli alikuwa Lodi, mji wa jirani, kwa mazishi ya askofu wa huko. Aliposikia habari akarudi Milano. Akaandika wosia wake. Nimelitafakari sana tendo hilo. Mtu anayedhani kwamba imani yake itazuia ugonjwa haandiki wosia. Karoli alijua anaweza kufa, na alikwenda hivyo hivyo.

Wagonjwa walipelekwa lazareto, jengo kubwa nje ya lango la mji. Huko Karoli aliingia mwenyewe, akawapa sakramenti, na akawaomba Wakapuchini wasaidie kuwahudumia. Mjini kulikuwa na janga la pili, njaa. Maduka na karakana zimefungwa, watumishi wa wale matajiri waliokimbia wameachwa bila kazi. Karoli aliuza vyombo vyake, akakopa, akachukua hata mapazia na vitambaa vya kutundika ukutani katika jumba lake vikashonwa nguo za maskini.

Lakini kilichonifanya nifunge kitabu nikae kimya ni hiki: Karoli alitembea na fimbo ili watu wasimkaribie. Alikuwa anatoka kwa wagonjwa kila siku, kwa hiyo alijihesabu kuwa huenda naye anao ugonjwa. Alibeba sifongo yenye siki ya kujisafishia, na hakutaka watu wa nyumbani mwake wamhudumie kwa kumgusa. Wakati huo hakuna aliyejua tauni inaletwa na nini. Bakteria wake aligunduliwa mwaka 1894, na siki ile sidhani kama ilisaidia sana, maana wabebaji wakubwa walikuwa viroboto. Ila tazama alivyofikiri. Kwa nafsi yake alikubali hatari. Kwa nafsi ya mwenzake hakukubali. Mimi nilifanya kinyume kabisa, nikaita imani.

Kuna jambo moja ambalo bado nabishana naye. Oktoba 1576 aliongoza maandamano ya toba, miguu mitupu, kamba shingoni, amebeba msalaba wenye Msumari Mtakatifu. Alijeruhiwa mguu njiani, damu ikatoka, akaendelea. Wakuu wa mji walihofia kwamba mkusanyiko utasambaza ugonjwa. Kusema kweli, ningekuwepo ningewaunga mkono wao. Yeye aliona mji usiposali umekwisha, ila hakupuuza hofu yao: wagonjwa na walioshukiwa walizuiwa, na watu walipangwa safu mbili zilizoachana badala ya kusongamana.

Baadaye yakatoka maagizo ya watu wote kukaa majumbani. Hapo Karoli hakugombana na amri. Alijiuliza namna ya kuwafikia watu waliofungiwa ndani. Akaagiza altare zisimamishwe kwenye njia panda, na padre akasoma Misa pale nje huku watu wakifuata kutoka madirishani. Kengele zililia mara saba mchana na usiku, na kila zikilia, watu walisogea milangoni na madirishani, upande mmoja wa mtaa unaanzisha litania, upande wa pili unaitikia. Hebu fikiria mtaa mzima hauna mtu barabarani, lakini unaimba. Baada ya tauni, kwenye nyingi za njia panda zile zilisimamishwa nguzo zenye msalaba.

Hadi mji unafunguliwa tena Januari 1578, watu wapatao 17,000 walikuwa wamekufa. Wapo mapadre waliokufa wakihudumia. Karoli hakuugua tauni. Aliendelea kujichosha na kazi miaka sita mingine, kisha homa ikampata alipokuwa mafungo mlimani Varallo. Wakamrudisha Milano, akafa usiku wa tarehe 3 Novemba 1584, miaka 46 tu. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1610, na sikukuu yake ni tarehe 4 Novemba.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimwomba mama msamaha kwa maneno yangu ya siku ile. Alicheka kidogo, akasema alishasahau. Nadhani hajasahau. Bibi hawezi tena kupanda kile kilima cha kwenda kanisani. Analetewa Komunyo nyumbani, na Jumapili anasikiliza Misa redioni. Siku ile nilikuwa na mafua, kwa hiyo nilikaa nje barazani, chini ya dirisha lake. Padre wa redioni alipoanza litania, bibi aliitikia kutoka ndani, nami nikaitikia kutoka nje.