Darwin na mizani ya mbegu

Charles Darwin hukumbukwa zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi. Ni wachache wanaofahamu kuwa mwanasayansi huyo mtajika wa Uingereza aliutumia uzee wake kuchunguza uzazi wa maua.

Alizaliwa mjini Shrewsbury mnamo Februari 12, 1809. Baada ya kuizunguka dunia kwa meli ya Beagle kati ya 1831 na 1836, alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood, mnamo 1839. Miaka mitatu baadaye walihamia kijiji cha Downe katika kaunti ya Kent.

Walijaliwa watoto kumi, lakini watatu walifariki wakiwa wadogo. Miongoni mwao alikuwa Annie, aliyeaga dunia mnamo 1851 akiwa na umri wa miaka kumi. Darwin, ambaye mwenyewe aliugua kwa miaka mingi, aliishi na hofu kwamba huenda undugu wa wazazi ndio uliowadhoofisha wanawe.

Suala hilo la uzazi wa karibu lilimshughulisha bustanini pia. Kwa miaka 11 alilinganisha mimea iliyojichavusha yenyewe na ile iliyopata chavua ya mmea mwingine. Mnamo 1876 alichapisha matokeo: aghalabu miche iliyotokana na kujichavusha ilikuwa mifupi na dhaifu.

Mwaka uliofuata alitoa kitabu kingine. Humo alieleza kuhusu zaatari, mmea mdogo wenye harufu nzuri utumiwao kama kiungo. Baadhi ya mimea hiyo huwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike katika ua moja. Mingine ni ya kike tu, haitoi chavua. Darwin alipozipima mbegu kwa mizani, aliona kuwa mimea ya kike ilizaa zaidi.

Alipendekeza kwamba kutengeneza chavua na kukuza mbegu kwa pamoja huenda kukaulemea mmea, hasa penye ushindani mkali. Kwa hivyo, kugawana kazi hiyo kungeufaa.

Darwin aliaga dunia Aprili 19, 1882, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Karne moja baadaye, mnamo 1982, Mmarekani Eric Charnov alichapisha nadharia ya kihisabati kuhusu jinsi viumbe wanavyogawa nguvu zao baina ya uzazi wa kiume na wa kike, swali ambalo Darwin alikuwa amelipima kwa mbegu za zaatari.