Heligoland na Mtu Aliyeuliza Maana ya Kupima

Jina la Heligoland si geni kwa mwananchi wa Unguja na Pemba aliyesoma historia yake. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwao Ujerumani iliridhia himaya ya Mwingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Wenyeji wa huku na wa huko hawakuulizwa. Leo, hata hivyo, twakitaja kisiwa hicho kwa jambo jingine lililotokea huko miaka 35 baadaye, nalo lawahusu wote ambao kazi yao ni kutazama, kupima na kuandika hesabu.

Werner Heisenberg alizaliwa Würzburg, Ujerumani, tarehe 5 Desemba 1901, mwana wa bingwa wa lugha ya Kiyunani. Alisomea fizikia Munich kwa Arnold Sommerfeld, na kwa hesabu hakuwa na mfano. Lakini mwaka 1923, katika mtihani wake wa udaktari, Profesa Wilhelm Wien alimwuliza hadubini huweza kutenganisha vitu vidogo kiasi gani, na betri hufanyaje kazi. Kijana akababaika. Alipasishwa kwa taabu. Twaomba msomaji aikumbuke hadubini hiyo.

Wakati ule wataalamu waliifikiria atomu kuwa mfano wa jua na sayari zake, elektroni zikizunguka katika njia maalumu. Ila njia hizo hakuna aliyepata kuziona. Kilichoonekana ni mwanga tu unaotoka katika atomu, rangi zake na nguvu zake. Mwezi Juni 1925 Heisenberg, akiwa amevimba uso kwa maradhi yaletwayo na chavua ya maua, alikimbilia Heligoland, kisiwa cha mwamba kisicho na maua mengi. Huko aliamua kuziacha njia zisizoonekana na kuhesabu yale tu yanayoweza kupimwa. Mwenyewe alisimulia kwamba hesabu ilimtimilia kiasi cha saa tisa za usiku, usingizi ukamruka, akatoka kupanda jabali na kungojea jua lichomoze.

Katika hesabu ile mlikuwa na ajabu moja. Mbili mara tatu ni sawa na tatu mara mbili, kila mtoto wa shule ajua. Lakini kwa Heisenberg, mahali mara mwendo hapakuwa sawa na mwendo mara mahali. Mwalimu wake wa Göttingen, Max Born, alitambua kuwa hizo ni hesabu za matriki, yaani tarakimu zilizopangwa kwa safu.

Mwaka 1927, akiwa Copenhagen kwa Niels Bohr, Heisenberg alieleza matokeo yake. Mahali pa elektroni na mwendo wake haviwezi kujulikana barabara kwa pamoja. Kimoja kikibainika zaidi, cha pili hupotea zaidi. Alitoa mfano wa hadubini: ili kuiona elektroni lazima kuimulika, na mwanga wenyewe huipiga kikumbo. Bohr alimwonyesha kwamba amekosea, na kosa lilikuwa palepale alipomkamata Wien. Zaidi ya hayo, Bohr alishika kwamba shida si kikumbo peke yake. Mtu hana haki ya kusema elektroni ina mahali na mwendo kamili kabla ya kutaja chombo kinachoipima. Einstein hakuridhika na maneno hayo mpaka alipofariki mwaka 1955.

Hapa twapenda kuwatahadharisha watumishi wa umma. Kanuni hii haimwokoi karani ambaye mizani yake ya karafuu husema uongo. Kiasi cha Planck kinachoitawala, kwa vipimo vya kawaida vya sayansi, huandikwa kwa sifuri 33 baada ya nukta kabla ya kufikia tarakimu yenye thamani. Katika gunia la karafuu hakina athari yoyote.

Heisenberg alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1932. Born, aliyekuwa Myahudi kwa nasaba, alifukuzwa kazini mwaka 1933. Heisenberg alibaki, akatukanwa katika gazeti la SS mwaka 1937 kwa kufundisha elimu ya Einstein, na vita vilipokuja akaitumikia serikali ileile katika utafiti wa urani. Hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Septemba 1941 alimwendea Bohr katika Copenhagen iliyotekwa, na wazee hao wawili kila mmoja alibaki na kumbukumbu yake ya mazungumzo yale. Mwaka 1945 Waingereza walimzuia pamoja na wenzake katika nyumba iitwayo Farm Hall, yenye vinasa sauti vilivyofichwa. Yeye hakujua kwamba anasikilizwa. Maandishi ya mazungumzo hayo yalitolewa hadharani mwaka 1992, na wanahistoria wayasoma kila mmoja kwa jicho lake.

Alifariki Munich tarehe 1 Februari 1976. Juni 2025, miaka 100 ilipotimia, wanafizikia kutoka nchi nyingi walivuka bahari kwenda Heligoland, na miongoni mwa waliyoyajadili ni swali lilelile: ni nini hasa hutokea pale kitu kinapopimwa.