Florence Nightingale: Huruma Pamoja na Akili

Nataka kuwasimulia habari za Florence Nightingale. Wengi wetu tunachojua ni taa tu, eti alizunguka usiku akiwafariji wagonjwa. Ni kweli, lakini hayo ni machache tu katika maisha yake. Mimi natarajia kusomea uuguzi, Mungu akijalia, na nimechoka kuambiwa kwamba kazi hiyo yataka roho nzuri tu, hesabu na sayansi tuwaachie madaktari. Sikilizeni basi.

Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, mjini Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini, naye akapewa jina la mji huo. Walikuwa matajiri. Baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani, na binti akapenda sana hisabati. Alipokuwa na miaka 16 alihisi kwamba Mungu anamwita awatumikie watu. Lo! Alipotaja uuguzi, nyumbani hakukukalika, kwani zama hizo wauguzi walidharauliwa na kuitwa walevi. Alishikilia uzi ule ule, hata posa akakataa. Mwaka wa 1851 alipata mafunzo ya miezi mitatu hivi huko Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka wa 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London.

Mwaka wa 1854 Uingereza iliingia katika vita vya Crimea dhidi ya Urusi. Majeruhi wake walivushwa kwa meli hadi Scutari, Uturuki. Waziri Sidney Herbert alimwomba Florence aende, naye akafika Novemba na wauguzi 38. Jamani, waliyoyakuta! Ilikuwa kambi ya askari iliyogeuzwa hospitali, uchafu kila mahali, wagonjwa wamelala sakafuni. Tena madaktari wa jeshi hawakuwataka.

Florence aliwakataza wauguzi wake kumhudumia mgonjwa yeyote mpaka daktari aombe. Hebu fikiria, watu wanaugua na wewe umeketi! Lakini alijua kwamba wakianza kwa ugomvi watafukuzwa, na atakayeumia ni mgonjwa. Haukupita muda, majeruhi wa Inkerman wakamiminika, na madaktari wenyewe wakaomba msaada. Ndipo akaanza kupita wodini usiku, mkononi ana fanusi ya Kituruki. Ile taa ya mafuta tunayoiona katika picha nyingi siyo.

Hata hivyo, huruma hiyo haikuzuia vifo. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100, kama 42 walikufa. Machi ikafika tume ya usafi kutoka Uingereza, ikiongozwa na Dkt. John Sutherland. Ilikuta mitaro ya maji taka imeziba chini ya hospitali, na mizoga kwenye maji. Wakazibua, wakasafisha, wakaingiza hewa. Kufikia Juni vifo vilikuwa 2 hivi kwa kila 100. Huruma ilikuwa ile ile. Kilichobadilika zaidi ni usafi.

Aliporudi kwao mwaka wa 1856 hakutaka sherehe. Aliketi na mwanatakwimu William Farr wakachambua vifo vya jeshi. Wakaona kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi ya kuzuilika kuliko majeraha, na kwamba Scutari, alikofanya kazi yeye mwenyewe, hali ilikuwa mbaya kuliko hospitali za karibu na vita. Angeweza kunyamaza alinde sifa yake. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyaandika yote katika ripoti na kuyachorea michoro ili wakubwa waelewe. Mwaka wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza katika chama cha wanatakwimu cha London.

Mwaka wa 1859 alitoa kitabu kuhusu uuguzi. Humo anafunza kwamba mgonjwa akiacha chakula, usiseme tu hataki kula. Jiulize: je, kimepikwa vibaya? Ni chakula kisichomfaa? Kimeletwa saa mbaya? Au kweli hamu hana? Kila sababu ina dawa yake. Pia usimuulize kama amelala vizuri, muulize amelala saa ngapi. Tena siri za mgonjwa usimwambie asiyehusika. Dalili ya mvua ni mawingu, na muuguzi ndiye anayekaa karibu na mgonjwa ayaone mawingu hayo mapema. Mwaka wa 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London.

Miaka mingi aliugua, lakini akiwa kitandani aliendelea kuandika na kuwashauri wakubwa. Mwaka wa 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Alizikwa kijijini East Wellow, kwa kuwa jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

Wenzangu mnaotaka uuguzi, msiikimbie hisabati wala biolojia. Mgonjwa anahitaji mtu wa kumshika mkono, naam, lakini pia anayejiuliza kwa nini mkono huo una joto. Nakomea hapo.